Kuiga tishu za ubongo kwa kompyuta: mwongozo kamili, kuanzia kipande cha milimita 5 hadi ubongo mzima

Ukitafuta ugumu wa tishu za ubongo utakuta namba zinazopishana mara kadhaa, na nyingi kati yake zimepimwa vizuri. Mwaka 2015 Silvia Budday na wenzake walibonyeza ubongo wa ng'ombe kwa kidude bapa wakapata tishu nyeupe karibu kilopaskali (kPa) 1.9 na tishu ya kijivu karibu 1.4. Mwaka 2017 walikata vipande vya ubongo wa binadamu, wakavivuta, kuvigandamiza na kuvisukuma pembeni, na safari hii gamba la kijivu ndilo lililoonekana gumu zaidi. Ukipima mtu aliye hai kwa mashine ya MRI inayotikisa kichwa kwa makumi ya hezi, namba hupanda tena. Hakuna aliyekosea hapo. Namba ya ubongo ni mali ya jaribio lililoizaa: kasi yake, mwelekeo wa nguvu, na kiasi tishu ilivyobadilishwa umbo. Ukiihamishia kwenye modeli yako bila jaribio lake, umeichukua nusu.

Kwa hiyo usianze na ubongo mzima. Anza na kipande kimoja cha milimita 5, ukielewe mpaka mwisho, kisha ukue.

Swali kwanza, na muda ndani yake

Andika unachotaka kujua kwa sentensi moja yenye muda. Dereva wa bodaboda akigonga kichwa kwenye lami, mambo ya kimakanika huisha ndani ya milisekunde chache hadi makumi kadhaa. Fuvu likifunguliwa kwa upasuaji, ubongo husogea kwa dakika na saa, wakati mwingine kwa sentimita moja au zaidi. Mtoto mwenye maji kichwani, ventrikali zake (vyumba vya ugiligili ndani ya ubongo) hutanuka kwa siku na wiki.

Tishu ni ile ile, modeli ni tatu. Ajali inadai mnato na mawimbi. Maji kichwani yanadai ugiligili unaopenya ndani ya tishu yenye vinyweleo, yaani modeli ya awamu mbili. Ukitumia mpira wa kawaida usio na maji hutapata kamwe mwendo wa siku na wiki. Upasuaji mara nyingi unaridhika na unyumbufu wa mabadiliko makubwa ya umbo. Mwongozo huu unafuata njia ya upasuaji, kwa kuwa inapita misingi yote na kompyuta ya kawaida inaimudu.

Zana za bure zinatosha: FEBio pamoja na FEBio Studio kwa hesabu, Gmsh kwa wavu (kugawa umbo kuwa vipande vidogo viitwavyo elementi), 3D Slicer na FreeSurfer kwa picha, Python yenye NumPy na SciPy kwa kutafuta vigezo. Kama chuo chako kina leseni ya Abaqus, programu ya kulipia ya hesabu hizi, hatua ni zile zile.

Vipimo vichague leo na usivibadilishe. Tumia milimita, kilo na sekunde. Nguvu itatoka kwa milinyutoni (mN) na mkazo kwa kPa, bila kuzidisha chochote. Densiti ya ubongo, takriban kilo 1,040 kwa mita ya ujazo, itaandikwa 1.04×10⁻⁶. Programu haijui vipimo. Inameza namba tu, na kosa la mara elfu huonekana kama modeli iliyogoma au tishu ngumu kama mfupa.

Sheria ya tishu

Zaidi ya robo tatu ya ubongo ni maji, hivyo ujazo wake karibu haubadiliki hata umbo likibadilika sana. Tabia ya pili ndiyo inayowaangusha wengi: ubongo hukaza haraka ukigandamizwa, lakini ukivutwa unabaki laini. Sheria zinazofaa kwa mpira, neo-Hooke na Mooney-Rivlin, hazina njia ya kuionyesha tofauti hiyo ipasavyo. Sheria ya Ogden yenye kipengele kimoja na α hasi inaionyesha kwa vigezo viwili tu:

P = (2μ/α) · (λ^(α−1) − λ^(−α/2−1))

P ni nguvu kwa eneo la mwanzo, λ ni urefu mpya ukigawanywa kwa urefu wa mwanzo, μ ni moduli ya sheari (ugumu wa tishu ikisukumwa pembeni), na α ni namba inayoamua tofauti kati ya kuvuta na kugandamiza. Fomula hii ni ya kuvuta au kugandamiza kipande kisichobadilika ujazo, pande zake zikiwa huru.

Piga hesabu kwa mkono kabla ya kompyuta. Chukua μ = 1 kPa na α = −20, namba za jirani na zile za gamba la binadamu katika majaribio ya polepole. Ukigandamiza kwa asilimia 10 (λ = 0.9) unapata 0.875 kPa. Ukivuta kwa asilimia 10 (λ = 1.1) unapata 0.222 kPa. Neo-Hooke yenye μ ile ile inatoa 0.335 na 0.274. Kwa ugumu mmoja wa mwanzo, Ogden inaweka tofauti ya karibu mara nne kati ya kusukuma na kuvuta; neo-Hooke inaziona kama jambo moja.

Sasa mtego wa maandishi. Fomula ya nishati ya Ogden, ambamo P hutolewa, huandikwa kwa namna tatu, na vigezo havihamishiki. Abaqus hutumia 2μ/α² mbele ya mabano, hivyo μ unayoiandika ndiyo moduli ya sheari. FEBio hutumia c/m² (m ndiyo α), hivyo c = 2μ: kwa mfano wetu andika c1 = 2 na m1 = −20. Katika maandishi ya asili, μ/α, moduli ya sheari ni nusu ya μ mara α, na kwa kuwa α ni hasi, μ nayo lazima iwe hasi ili zao liwe chanya. Mtu akiona alama ya kutoa kwenye makala akadhani ni kosa la uchapaji, akaiondoa, modeli inavunjika hatua ya kwanza. Kila unapochukua vigezo, tafuta fomula ya nishati iliyotumika. Kama haipo, viache.

Kipande cha milimita 5

Kwenye FEBio Studio tengeneza mchemraba wa milimita 5 wenye elementi za pande sita, 10 kila upande. Chini funga mielekeo yote. Juu funga mielekeo ya pembeni na shusha milimita 0.5. Hivyo ndivyo majaribio mengi yanavyofanywa, kipande kikiwa kimegandishwa kwa gundi juu na chini. Nyenzo: Ogden, c1 = 2, m1 = −20, moduli ya ujazo (ukinzani wa tishu kubadilika ujazo) k = 1,000.

Hiyo k inastahili maelezo. Moduli ya ujazo ya maji ni karibu gigapaskali 2.2, yaani zaidi ya mara milioni mbili ya moduli ya sheari ya ubongo. Ukiiweka hivyo kwenye hesabu ya polepole, milinganyo inakuwa mibovu na hesabu inayumba. Upande wa pili kuna wanaoandika uwiano wa Poisson 0.45 wakidhani wamekaribia 0.5, ya ujazo usiobadilika kabisa. Uwiano wa k kwa μ kwa 0.45 ni chini ya 10, kwa 0.49 ni 50 hivi, kwa 0.499 ni 500, kwa 0.4999 ni 5,000. Tishu yenye 0.45 inapoteza ujazo kama sifongo. Kati ya 500 na 5,000 ni mahali pazuri kwa kazi za polepole. Baada ya kuendesha, tazama uwiano wa ujazo J katika kila elementi: ukitoka nje ya 0.99 hadi 1.01, ongeza k.

Endesha mara mbili: kwanza pande za juu na chini zikiwa huru kuteleza kwa upana, kisha zikiwa zimegandishwa. Hali ya kwanza lazima ikupe 0.875 kPa mara milimita mraba 25, yaani karibu mN 21.9. Ikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 1, usiendelee; kuna kosa la vipimo, la alama au la c dhidi ya μ. Hali ya pili itatoa nguvu kubwa zaidi, kwa sababu gundi inazuia tishu kutanuka pembeni nayo inatunisha tumbo katikati. Tofauti hiyo ndiyo kiasi ambacho ungekosea kama ungeingiza data ya kipande kilichogandishwa moja kwa moja kwenye fomula. Ndiyo maana vigezo hutafutwa kwa kuendesha modeli yenyewe tena na tena, si kwa fomula ya karatasi.

Halafu badilisha wavu: elementi 5, 10, 20 kila upande. Nguvu ikibadilika kwa chini ya asilimia 2 kati ya 10 na 20, wavu wa 10 unatosha.

Kama unapima mwenyewe

Ubongo wa ng'ombe, nguruwe au mbuzi unapatikana machinjioni, na kwa kujifunza unatosha kabisa. Omba utolewe mzima, uuweke kwenye maji chumvi yaliyosawazishwa ndani ya barafu, upime siku hiyo hiyo. Usiugandishe: barafu ndani ya seli huharibu muundo. Kata kwa wembe mpya uliolowa, bila kusukuma. Kisu butu kinaponda kipande kabla hakijafika kwenye mashine. Bandika karatasi ya msasa kwenye sahani za mashine, kisha tishu juu yake kwa tone dogo la gundi ya haraka. Gundi nyingi hupanda ubavuni na kukaza kipande. Kiweke unyevu muda wote.

Kihisi cha nguvu kinahitaji kuona sehemu ya mN. Angalia namba: kuvuta kwa asilimia 10 kunatoa mN 5.6 tu, huku uzito wa kipande chenyewe ni karibu mN 1.3. Kwa hiyo kusawazisha sifuri si jambo dogo. Rekodi sifuri kabla na baada ya kila mzunguko, na uandike umbali ambapo sahani iligusa tishu kwanza. Kosa la milimita 0.1 hapo, kwenye urefu wa milimita 5, ni asilimia 2 ya mabadiliko ya umbo, na kwa α = −20 hilo linapinda mchoro wote.

Mzunguko wa kwanza huwa mgumu kuliko inayofuata. Amua mapema utatumia upi. Kwa upasuaji, ambapo tishu inasogea mara moja, wa kwanza una hoja nzuri. Fanya kuvuta, kugandamiza na sheari kwenye kipande kile kile kama inawezekana. Vigezo vilivyotokana na mgandamizo peke yake hufuata data yake vizuri, kisha hukosea vibaya katika sheari, na ndani ya kichwa sheari iko kila mahali.

Unapotafuta μ na α, tumia SciPy au moduli ya FEBio ya kutafuta vigezo. Gawa kila aina ya jaribio kwa nguvu yake kubwa kabla ya kujumlisha makosa. Bila hivyo mgandamizo, wenye nguvu mara nne, utaumeza mvuto. Anza kutoka sehemu kadhaa, kwa mfano α ya −5, −15 na −30, na uone kama zinaishia mahali pamoja. Zisipokutana, data yako haitoshi kutenganisha vigezo viwili.

Mnato

Shikilia tishu ya ubongo ikiwa imegandamizwa na nguvu itashuka mbele ya macho yako. Vigezo vinavyotumika sana ni vya Karol Miller na Kiyoyuki Chinzei vya mwaka 2002, vya ubongo wa nguruwe: μ ya papo hapo 842 Pa, α = −4.7, kisha vipengele viwili vya kulegea, g1 = 0.450 kwa sekunde 0.5 na g2 = 0.365 kwa sekunde 50.

Tazama kilichofichwa humo. Kinachobaki baada ya muda mrefu ni 1 − 0.450 − 0.365 = 0.185, yaani Pa 156 hivi. Tishu moja ina 842 na 156, na mtu akikuuliza "ugumu ni kiasi gani" jibu linategemea saa. Jaribio la kasi ya milimita 2 kwa dakika linachukua sekunde 15 kufika asilimia 10. Katika muda huo kipengele cha sekunde 0.5 kimekwisha na cha sekunde 50 hakijafika hata nusu. Mchoro huo si wa papo hapo wala si wa muda mrefu. Uko katikati, na ni lazima modeli iendeshwe kwa kasi ile ile ya mashine.

Hapa pana mtego mwingine wa programu. Abaqus inakuuliza kama moduli ni ya papo hapo au ya muda mrefu, nawe unachagua. Katika FEBio, g0 (sehemu isiyolegea) ni 1 kwa chaguo-msingi, hivyo moduli uliyoandika inachukuliwa kuwa ya muda mrefu na vipengele vya mnato vinaongezwa juu yake. Ukiweka 842 na g zile zile bila kugusa g0, tishu yako itakuwa ngumu mno kila wakati: mwanzo itakuwa 1,528 badala ya 842, mwisho 842 badala ya 156. Weka g0 = 0.185, au anza na 156 na ugawe kila g kwa 0.185, upate 2.43 na 1.97. Kisha ihakiki kwa kipande kimoja: gandamiza ghafla, subiri sekunde 300, na uangalie kama nguvu imeshuka hadi karibu asilimia 18.5.

Kutoka picha hadi wavu

Picha ya T1 (aina ya picha ya MRI) yenye milimita 1 kila upande ndiyo mwanzo mzuri. FreeSurfer kamili huchukua saa kadhaa kwa kichwa kimoja; SynthSeg, iliyomo ndani yake, huchukua dakika na inavumilia picha za hospitali zenye vipande vinene. Kwa upasuaji unahitaji tishu ya ubongo, ventrikali, na nafasi kati ya ubongo na fuvu. Kutenganisha kijivu na nyeupe kunaweza kusubiri, isipokuwa swali lako linadai mkazo wa mahali maalumu.

Kulainisha uso kwa njia ya Laplace hupunguza ujazo. Tumia Taubin, na ulinganishe ujazo kabla na baada. Kosa baya zaidi ni mikunjo inayoshikana. Mfereji mwembamba kati ya mikunjo miwili hupotea kwenye picha, wavu unaunganisha kingo zake, na ubongo unapata kiunzi kisichokuwepo. Pitia vipande mwenyewe, hasa mfereji wa Sylvius (ule mkubwa wa ubavuni mwa ubongo) na nafasi kati ya nusu mbili za ubongo. Falx, utando mgumu kati ya nusu hizo, uuongeze kwa mkono, maana picha mara nyingi haiuonyeshi. Modeli isiyo na falx inaacha ubongo uvuke upande wa pili kwa urahisi usio wa kweli.

Elementi za nodi nne, yaani pembe-nne zenye umbo la piramidi ndogo ya nyuso nne za pembetatu, ni mtego mkubwa wa hatua hii. Tishu ikikaribia kutobadilika ujazo, kila pembe-nne ndogo inalazimika kutunza ujazo wake, uhuru wa kusogea unakwisha, na wavu mzima unajifunga. Dalili ni mbili: ubongo unasogea kidogo kuliko inavyotakiwa, na shinikizo linaonekana kama ubao wa drafti, juu na chini kwa kupokezana. Tumia elementi za nodi 10 (C3D10H kwa Abaqus, tet10 kwa FEBio). Elementi za pande sita za FEBio tayari zina dawa hii ndani yake, ila kuujaza ubongo kwa pande sita ni kazi ya wiki.

Ukubwa: ubongo wa lita 1.2 kwa pembe-nne zenye ukingo wa milimita 4 unadai elementi 160,000 hivi. Kwa milimita 2 ni karibu 1,300,000. Anza na 4, elewa matokeo, ndipo upunguze karibu na eneo la upasuaji tu.

Mipaka na mzigo

Fuvu lichukulie kuwa gumu kabisa. Ukiubandika ubongo moja kwa moja kwenye fuvu, karibu hautasogea, kwa kuwa umeondoa tabaka la ugiligili linaloruhusu kuteleza. Tumia mgusano usio na msuguano, ubongo ukiweza kuachana na fuvu lakini usiweze kulipenya. Shina la ubongo lifunge chini.

Kuhusu mvutano wa dunia, kumbuka mgonjwa alikuwa amelala ndani ya MRI, uzito ukiwa tayari umefanya kazi yake. Ukiongeza uzito wote tena umeuhesabu mara mbili. Ubongo wa gramu 1,400 ukielea kwenye ugiligili unalemea kama gramu 50 tu. Fuvu likifunguliwa na ugiligili ukitoka, kinachobadilika ni kupotea kwa kuelea kwa sehemu iliyobaki juu ya maji. Mzigo wa kuweka ni huo, kwenye mwelekeo wa mgonjwa alivyolazwa mezani, ambao huenda si ule wa kwenye MRI.

Ipo njia bora zaidi kama chumba cha upasuaji kinaweza kupima uso uliofunguliwa kwa kamera: ipe modeli msogeo huo badala ya nguvu. Timu ya Miller na Adam Wittek huko Perth, Australia, imeonyesha kwamba mzigo ukiwa msogeo na unachotafuta pia ni msogeo, sheria ya tishu inaathiri matokeo kidogo sana. Huo ni unafuu mkubwa, kwa sababu hakuna anayejua μ ya mgonjwa yule. Lakini haugusi mkazo. Mkazo unabaki ukifuata μ moja kwa moja, na picha ya mkazo kutoka modeli ya namna hiyo isipelekwe kwa daktari kama kipimo.

Hesabu ikigoma

Ujumbe wa Jacobian hasi unamaanisha elementi imejipindua. Tafuta iko wapi kabla ya kubadilisha chochote. Ikiwa kwenye ukingo wa tundu la fuvu au ncha ya ventrikali, tatizo ni umbo la wavu. Ikiwa zimetapakaa kila mahali, hatua ya muda ni kubwa mno au α ni kali: anza na α = −5, ikipita panda taratibu. Ikigoma kwenye mgusano, punguza adhabu ya mgusano (ugumu unaozuia nyuso kupenyana) mara kumi na uone kama inapita, kisha uirudishe polepole.

Ukilazimika kutumia hesabu ya moja kwa moja ya hatua ndogo ndogo, kama kwenye ajali, kumbuka wimbi la mgandamizo hupita kwenye ubongo kwa karibu mita 1,450 kwa sekunde. Elementi ya milimita 1 inadai hatua ya chini ya mikrosekunde 0.7, na elementi moja mbovu ya milimita 0.1 inaishusha modeli nzima hadi mara kumi chini ya hapo.

Kuhakiki

Pima modeli kwa data ambayo haikushiriki kutafuta vigezo. Kama ulitumia kuvuta na kugandamiza, itabiri sheari. Kwa upasuaji, linganisha sehemu za ndani, kwa mfano ncha za ventrikali, kabla na baada, si uso ulioupa msogeo wewe mwenyewe. Kuulinganisha uso huo hakuthibitishi kitu. Wanaoiga ajali hutumia vipimo vya Warren Hardy na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wayne State, waliofuatilia kwa eksirei vialama vilivyopandikizwa ndani ya ubongo wa maiti wakati wa mgongano.

Mwisho endesha modeli tena na μ nusu, μ mara mbili, k mara kumi, na α ya −5 na −25. Msogeo unaoujali ukibadilika kwa chini ya ukubwa wa pikseli moja ya picha, namba ya tishu haikuzuii, na muda wako utumie kwenye mgusano na tundu la fuvu. Ukibadilika zaidi, taja matokeo kama masafa, mathalani milimita 6 hadi 9, na uandike pembeni jaribio lililotoa kila kigezo: mnyama au binadamu, joto, kasi, mzunguko wa kwanza au wa tatu.